Galaksi satelaiti hafifu

Galaksi satelaiti hafifu ni galaksi kibete zenye mwanga mdogo mno zinazozunguka galaksi kubwa, jinsi mwezi unavyozunguka sayari. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, ina kadhaa. Satelaiti zake mashuhuri, Mawingu ya Magellan, si hafifu: huonekana kwa macho matupu, hata kutoka Tanzania, chini upande wa kusini penye giza.

Nyingine zilihitaji picha. Mwaka 1938 Harlow Shapley alitangaza galaksi kibete za Sculptor na Fornax, zilizotambuliwa kwenye picha za kituo cha Boyden, Afrika Kusini. Fornax, pamoja na udogo wake, ina mafungunyota yake yenyewe.

Galaksi hafifu kabisa haionekani pichani kama wingu. Nyota zake ni chache, zimetawanyika, na zimechanganyika na nyota za Njia Nyeupe zilizo mbele yake. Kwa hiyo wanaastronomia huhesabu. Kompyuta huchagua nyota zenye rangi na mng'ao unaolingana na nyota za kale zilizo kwenye umbali fulani, kisha hutafuta mahali zinapozidi idadi ya kawaida. Kwa njia hiyo mradi wa Sloan, uliopima anga kutoka New Mexico, Marekani, ulifichua nyingi kuanzia mwaka 2005. Mojawapo, Segue 1, iko umbali wa miaka ya nuru 75,000 hivi na hutoa mwanga wa Jua mara 300 tu. Nyota jitu moja huweza kuishinda.

Baada ya kuhesabu hubaki swali gumu zaidi: je, ni galaksi au fungunyota? Hapo hupimwa kasi za nyota na kiasi cha chuma ndani yake. Nyota za fungunyota kwa kawaida hulingana kwa chuma; za galaksi hutofautiana. Katika Segue 1 kasi ni kubwa kuliko uvutano wa nyota zinazoonekana unavyoweza kuzuia, dalili ya maada nyeusi isiyotoa mwanga. Jibu lina uzito, kwa kuwa mwaka 1999 hesabu za kompyuta kuhusu maada hiyo zilitabiri mamia ya satelaiti, ilhali zilizojulikana zilikuwa kama 11.

Kundi lililotangazwa mwaka 2023, lenye nyota za masi ya Jua mara 16 hivi, lina majina mawili: Ursa Major III likiwa galaksi, UNIONS 1 likiwa fungunyota.