Uzamiaji maziwani: Mambo anayopaswa kuyajua mpiga mbizi atokaye pwani

MPIGA mbizi aliyejifunza kazi yake katika maji ya Unguja, Pemba au Mafia huzoea kutegemea macho. Humwona mwenzake aliye mita 20 mbele yake, huona matumbawe na samaki, na akiinua uso huuona mwanga wa jua na chombo kinachomsubiri juu.

Mtu huyo huyo akipelekwa kufanya kazi katika Ziwa Victoria, au katika mabwawa ya nyanda za kati na magharibi mwa Tanzania, hukuta maji ya namna nyingine kabisa. Katika maeneo mengi anaweza kunyoosha mkono wake na asivione vidole vyake.

Tofauti hiyo si suala la starehe za watalii pekee. Baadhi ya misiba mikubwa ya usafiri nchini imetokea ziwani, na kila ilipotokea wapiga mbizi walitakiwa kuokoa watu na kuopoa miili katika maji yasiyoonekana ndani.

Tabora, njia panda ya maziwa mawili

Njia ya kale ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, na kuishia Ujiji katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliitembea kwa miguu kwa miezi kadhaa wakiwa wamebeba pembe za ndovu, nguo na shanga.

Wazungu Richard Burton na John Speke waliifuata njia hiyo na kufika Ujiji Februari 1858. Waliporudi Tabora, Speke alimwacha mwenzake hapo, akaelekea kaskazini na kuliona Ziwa Victoria katika eneo la Mwanza, Agosti mwaka huo huo.

Reli nayo ilifuata mkondo huo. Ile ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la kwenda Mwanza likakamilika mwaka 1928. Hivyo, hadi leo, atokaye pwani kwa reli huchagua ziwa lake akiwa Tabora.

Uchaguzi huo ni muhimu kwa mzamiaji. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha hadi mita 1,470, lina maji maangavu mahali pengi, isipokuwa karibu na midomo ya mito kama Malagarasi. Ziwa Victoria halizidi sana mita 80 kwa kina, lakini maji yake yana mwani na tope jingi, na uangavu wake umepungua sana kwa kulinganisha na miaka ya mwanzoni mwa karne iliyopita.

Meli iliyozamishwa na kuibuliwa

Mfano wa kale wa kazi ya chini ya maji katika ukanda huu ni meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikasafirishwa vipande vipande hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ambako iliunganishwa na kuanza kazi mwaka 1915.

Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi ili isitekwe. Kabla ya kufanya hivyo waliipaka mitambo yake grisi nzito. Wabelgiji waliiibua baada ya vita, lakini ilizama tena kwa dhoruba huko Kigoma.

Waingereza ndio waliofanikiwa kuiibua mwaka 1924. Mitambo ilikutwa bado inafaa, na meli ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Misiba iliyotoa mafunzo

Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza na kuua mamia ya abiria. Kwa muda ilielea kifudifudi, huku baadhi ya watu wakiwa hai ndani yake. Tundu lilipotobolewa ili kuwatoa, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ilitoka, nayo ikazama kabisa. Wazamiaji kutoka Afrika Kusini walikuja kusaidia kazi ya kuopoa miili.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara na kuua watu 228. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa akiwa hai fundi wa mitambo aliyekuwa amejihifadhi katika sehemu iliyobaki na hewa.

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 iliangukia ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, na watu 19 walifariki dunia. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi, wakiwa na mitumbwi yao na bila vifaa vya kuzamia.

Matukio hayo yanafundisha jambo moja. Saa za mwanzo ndizo zinazookoa uhai, na katika saa hizo mtaalamu aliyeko pwani huwa bado yuko mbali.

Mikono badala ya macho

Jambo la kwanza analopaswa kulizoea mzamiaji kutoka baharini ni kufanya kazi kwa kupapasa. Tochi haimsaidii sana katika maji ya tope, kwa kuwa mwanga hugonga chembe za udongo na kumrudia machoni kama taa za gari kwenye ukungu.

Hivyo, kamba ndiyo huwa kiongozi wake. Mzamiaji hufungwa kamba inayoshikwa na mwenzake aliye juu, na wote wawili hukubaliana mapema idadi ya mivuto na maana yake: niko salama, nipe kamba, nivute.

Katika kutafuta kitu, uzito wenye boya hushushwa chini na mzamiaji huuzunguka akiwa ameshika kamba. Kila anapomaliza duara moja huongeza urefu wa kamba kidogo, na kwa njia hiyo eneo lote hupapaswa bila kurukwa.

Kuingia ndani ya chombo kilichozama ni hatari zaidi. Kanuni inayotumika ni ya theluthi: theluthi moja ya hewa ya kuingilia, moja ya kutokea, na moja ya akiba isiyoguswa.

Uzito na mwinuko

Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa takriban asilimia 2.5, kwa sababu ya chumvi. Mzamiaji ambaye pamoja na vifaa vyake ana uzito wa kilo 100 atahitaji kupunguza takriban kilo 2.5 za risasi kwenye mkanda wake.

Asipofanya hivyo atashuka haraka na kutua kwenye tope. Tope likitibuka, hata ule mwanga mdogo uliokuwepo hutoweka.

Mwinuko nao una hesabu yake. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika takriban mita 770. Mgandamizo wa hewa huko ni mdogo kuliko pwani, hivyo mzamiaji anapoibuka, naitrojeni iliyoyeyuka katika damu yake hutoka kwa urahisi zaidi na inaweza kufanya mapovu. Mapovu hayo huleta maumivu makali ya viungo, kupooza na hata kifo.

Kwa sababu hiyo majedwali ya baharini hayatumiki yalivyo mahali palipo juu ya mita 300. Kina cha mita 20 katika Ziwa Victoria huhesabiwa kama takriban mita 23 za baharini. Kompyuta ya kuzamia nayo lazima ipangwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kwa mwinuko wa mahali husika.

Tahadhari hiyo huendelea hata baada ya kutoka majini. Kigoma hadi Tabora, iliyo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ni kupanda kwa zaidi ya mita 400. Anayesafiri mara tu baada ya kuzama huenda kwenye hewa nyepesi zaidi. Kwa usafiri wa ndege, ushauri wa kawaida ni kusubiri walau saa 12 baada ya kuzama mara moja, na saa 18 baada ya kuzama mara kadhaa.

Baridi, nyavu na maradhi

Maji ya maziwa haya si ya barafu. Huwa karibu nyuzi joto 24 hadi 27. Hata hivyo, maji hunyang'anya mwili joto mara 25 hivi kuliko hewa, na mtu anayepapasa taratibu kwa saa nzima hupoa bila kutambua. Vidole hufa ganzi na uamuzi huwa mzito. Vazi la mpira la mwili mzima linahitajika hata pale ambapo pwani mtu angevaa kaptura.

Hatari nyingine ni nyavu zilizotelekezwa. Mzamiaji hubeba visu viwili, kila kimoja mahali ambapo angalau mkono mmoja unaweza kukifikia. Magugu maji nayo huweza kufunga njia ya kuibukia.

Aidha, kuna kichocho, ambacho huenezwa na konokono wa kandokando ya maji. Aliyezama anashauriwa kupimwa baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa dawa ipo na ugonjwa hutibika. Kuhusu mamba na viboko, wa kuulizwa kwanza ni wavuvi wa mahali hapo.

Mafunzo yaanzie nyumbani

Mzamiaji mwenye uzoefu wa bahari anashauriwa kuanza upya ziwani kama mwanafunzi: kina cha mita tano, kamba mkononi, mwalimu anayelijua ziwa hilo, na mazoezi ya kuvua na kuvaa vifaa akiwa amefumba macho. Kabla ya kuzama, ajue chumba cha tiba ya mgandamizo kilicho karibu kiko wapi na mgonjwa atafikishwaje huko.

Kwa upande mwingine, kijana wa Ukerewe, Kigoma au Bukoba aliyekulia kwenye maji hayo anahitaji mafunzo na mtungi wa hewa tu ili awe mwokoaji. Chombo kikipinduka, yeye ndiye atakayekuwa karibu.