Kuta na Sauti: Historia Fupi ya Chumba cha Kunasia Sauti, na Hali ya Bukavu

Wataalamu wa fasihi simulizi na muziki wa Kiswahili wamekwisha kuandika mengi juu ya waimbaji, na kiasi fulani juu ya mitambo iliyonasa sauti zao. Chumba chenyewe kimeachwa nje ya historia, ingawa sauti nyingi zilizoingia katika santuri au kanda zilipita kwanza hewani, ukutani na darini.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay ili nyimbo zao zitiwe katika santuri za HMV. Waimbaji ndio waliovuka bahari kukifuata chombo na chumba chake. Miaka ishirini na kitu baadaye njia iligeuka. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimnasa Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na katika miaka ya 1951 na 1952 Mmarekani Alan P. Merriam alichunguza na kunasa muziki wa Bashi, wenyeji wa pande hizi za Bukavu. Sasa chombo kilimfuata msanii. Uwanja wazi hauna kuta za kurudisha mwangwi, lakini hauna pia kuta za kuzuia upepo na vilio vya watoto. Ndiyo maana Tracey aliishika mikrofoni kwa mkono wake, akiisogeza karibu na mpigaji.

Elimu ya vyumba ilikuwa imeanza zamani. Mwaka 1895 Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alitakiwa kutibu ukumbi wa mihadhara ambamo sauti ilidumu takriban sekunde 5.5 kabla ya kufifia. Usiku baada ya usiku alihamisha matakia kutoka ukumbi mwingine, akapima, akayarudisha kabla ya asubuhi. Alithibitisha kwamba muda wa mvumo hutegemea ukubwa wa chumba na vitu laini vilivyomo.

Hapa ndipo wengi hukosea, hata leo. Kufyonza mwangwi wa ndani ni jambo moja. Kuzuia makelele ya nje ni jingine kabisa. Godoro la sponji likiegemezwa ukutani hufanya kazi ya kwanza, tena kwa sauti nyembamba kuliko nene. Ya pili haliiwezi. Kinachozuia kelele ni uzito wa ukuta na kuzibwa kwa nyufa. Uzito ukiongezwa maradufu, faida ni kama desibeli 6 tu, na tundu dogo chini ya mlango laweza kuipoteza. Trei za mayai, zinazosifiwa katika kila mtaa, hazina uzito wala unene wa maana.

Bukavu, iliyokuwa ikiitwa Costermansville hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, imejengwa juu ya milima na rasi za Ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya bahari. Katika Ibanda zipo nyumba za matofali na mawe za wakati wa Wabelgiji, zenye kuta nzito. Katika Kadutu nyumba nyingi ni za mbao, zimebanana mtelemkoni, na mazungumzo ya jirani husikika kama yako chumbani. Sponji huko ni hatari vilevile, kwa kuwa hushika moto upesi na moshi wake ni sumu, na mitaa hiyo imeungua mara nyingi.

Redio za mji zilikua katika mazingira hayo. Radio Maendeleo ilianzishwa mwaka 1993 na mashirika ya wenyeji. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika, Radio Agatashya ilianza kutangaza kutoka hapa, ikanyamaza vita vilipoufikia mji mwaka 1996. Radio Maendeleo nayo ilifungwa na utawala wa RCD mwaka 1999, ikarudi hewani mwaka 2001. Dhidi ya kunyamazishwa kwa namna hiyo, unene wa ukuta haukusaidia kitu.

Lakini adui wa kila siku wa mnasaji ni mvua juu ya mabati, kuanzia Septemba hadi Mei, pamoja na jenereta ya jirani umeme ukikatika. Kelele ya mvua hufunika kwanza konsonanti hafifu, f na s na sh. Tena katika chumba cha mita 3, mawimbi hurudiana baina ya kuta mbili penye hezi 57 hivi na 113, na hii ya pili imo ndani ya sauti ya kawaida ya mwanamume. Basi mwanaisimu akisikiliza kanda ya hadithi ya Kimashi au ya Kiswahili cha Kivu, asijue ilinaswa wapi na katika hali gani, aweza kuliandika kosa la paa kana kwamba ni kanuni ya lahaja.

Dawa za bei nafuu zipo: dari ya pili ya mbao yenye blanketi nzito juu yake, mlango wenye mpira pembeni, kabati la vitabu lisilopangwa sawasawa kwenye ukuta mmoja. Vijana wanaonasa nyimbo vyumbani mwao wamekwisha kuzigundua baadhi yake kwa kujaribu tu. Wasioweza hata hizo husubiri Juni hadi Agosti, na jenereta izimwe.