Safu ya Lugha: Arti si Kaswida

Katika Kilosa, ambako maduka ya Wahindi yaliifuata reli ya kati tangu zama za Wadachi, na hata Mikumi, husikika watu wakiuita wimbo wa Wagujarati uimbwao mbele ya sanamu ya mungu wa kike Mata Amba "kaswida ya Kihindi". Na ijapokuwa nia yao ni heshima, jina hilo halistahiki. Kaswida, au kasida, ni shairi la sifa, nalo mwambaoni limekwisha kufungamana na Mtume na Maulidi. Wimbo huu una jina lake, arti, lenye asili ya Kisanskriti, likitaja mambo mawili kwa pamoja: kule kuzungusha taa ya samli mbele ya sanamu, na wimbo wenyewe uendao na tendo hilo. Pasipo taa ni bhajani. Ukichezwa kwa duara katika usiku tisa wa sikukuu ya Navaratri ni garba. Ukiwa wa beti arubaini ni chalisa, kwani chalis kwa Kihindi ni arubaini. Wala tusiuite pambio; hilo ni la makanisani, tuliache huko.

Wala asiitwe Amba "shetani wa vita" kwa sababu ya silaha mikononi mwake na simba ampandaye. Jina lake lingine, Durga, lina maana ya pasipofikika, yaani ngome, na ukali wake ulimwelekea Mahishasura, jitu lenye umbo la nyati lililowadhulumu viumbe. Basi tuseme mungu wa kike mlinzi, na wimbo wake tuuandike arti ya Mata Amba.