Bwawa Uani

Watu wengi hudhani kwamba bwawa la kuogelea nyumbani ni jambo la juzi, lililoletwa na Wazungu pamoja na miwani ya jua. Sivyo. Kilwa Kisiwani, juu ya gema linalotazama bahari, yapo magofu ya Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya 100, na ndani yake lipo bwawa la pembe nane lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ni kazi ya mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Basi mwenzetu mmoja aliyeamua kuchimba bwawa kwa ajili ya jamaa yake aliishi pwani hii hii yapata miaka 700 iliyopita, na nadhani hakuhangaika kuuliza bei.

Nimefundisha historia kwa miaka 31, na nimewapeleka wanafunzi Husuni mara kadhaa. Kila mara huulizana swali moja: maji yalitoka wapi? Ni swali bora kuliko mengi yanayotungwa katika mitihani. Pampu haikuwapo. Maji ya kisima hayapandi gema yenyewe; yalitekwa na kubebwa na watu, na sidhani kwamba watu hao waliogelea humo. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alimsifu sana Sultani huyo kwa ukarimu, akasimulia jinsi fakiri kutoka Yemen alivyomwomba nguo zake alizovaa, naye akampa. Sina sababu ya kukanusha. Ila wachukuzi wa maji hawakubahatika kupata mgeni wa kuwaandika.

Swali hilo la wanafunzi sasa limehamia kwangu. Mwanangu wa pili anafanya kazi Muscat, na huko ameona nyumba za watu wa kawaida tu zikiwa na mabwawa uani. Akaniletea salamu na shauri: "Baba, shikamoo. Ua wenu ni mkubwa, wajukuu ni watano, na mimi fedha ninayo. Tafuta fundi." Mtoto akisema hivyo, mzazi hufurahi kwanza, hata kabla ya kufikiri. Nami nilifurahi.

Fundi alikuja na utepe wake. Alipima mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita moja na nusu. Baada ya yeye kuondoka nilichukua kalamu. Hiyo ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Kwa boza la lita 10,000 ni safari tano. Kwa madumu ya lita 20 ni madumu 2,400. Tena maji hayakai yakasubiri. Jua la Dar es Salaam likinyonya milimita tano tu kwa siku, yameondoka madumu manane bila mtu kuoga. Sijaweka dawa, umeme wa kuyasukuma, wala uzio wa pande nne wenye mlango unaojifunga, ambao ndio wa kwanza kujengwa penye watoto wadogo.

Fedha zote hizo mwanangu angelipa. Lakini madumu sikuyataja kwa mzaha. Hapa Mbezi tunacho kisima kirefu tulichochimba wakati wa kujenga, na bomba lake moja tumelitoa nje ya ukuta. Maji ya mtaa yanapokatika, majirani huja. Mwezi Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaanza kupata maji kwa mgawo, foleni ya ndoo na madumu ilianza kabla ya adhana ya alfajiri. Walikuja watu ambao sikuwajua hata kwa sura, na mke wangu akawapangia zamu ili wazee wasisukumwe. Kisima kile kile ndicho ambacho fundi alikionyesha kwa kidole, akasema kwa furaha kwamba bwawa letu halitakosa maji.

Nilidhani hoja hiyo ingetosha. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Na Spice Islander?"

Yeye ni mtu wa Pemba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander, iliyosheheni abiria kupita kiasi, ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Maiti zilizopatikana zilikuwa mia mbili na kidogo. Tume ya uchunguzi baadaye ikataja zaidi ya watu 1,500 waliokufa au kupotea. Humo walikuwamo binamu zake wawili. Mmoja hakujua kuogelea kabisa, ingawa alizaliwa mahali ambapo mawimbi husikika kitandani. Miezi kumi baadaye, Julai 2012, ikazama MV Skagit. Na wajukuu wetu kila likizo hupanda meli kwenda kwa bibi zao. Kwa hiyo hoja yake haikuwa ya starehe hata kidogo. Alitaka watoto wajue kuogelea, na bwawa likija mlangoni, visingizio vitakwisha.

Hapo nilirudi katika vitabu vyangu, kama kawaida yangu ninaposhindwa nyumbani. Nikamkumbuka Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Alishika kiti mara tu baada ya kipindupindu cha 1869 na 1870 kuua maelfu ya watu. Barghash hakujinyima, huko Maruhubi alijenga kasri lenye mabirika ya kuogea kwa ajili ya watu wa nyumba yake. Lakini pia alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka mjini, na akajenga hamamu za umma pale panapoitwa Hamamni hadi leo. Hamamu ni kavu sasa, watalii hupiga picha. Mimi namhesabia zaidi yale mabomba.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi, nao unatoka Marekani, nchi iliyolifanya bwawa la uani kuwa kitu cha kila mtu baada ya Vita Kuu ya Pili. Mjini Jackson, Mississippi, mahakama iliamua mwaka 1962 kwamba ubaguzi katika mabwawa ya umma ni kinyume cha katiba. Mji ukaona ni heri kuyafunga kuliko Weusi na Weupe waoge pamoja, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya nchi ile, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema mji una haki ya kufunga. Mwenye nafasi alichimba lake uani. Asiye nayo, mtoto wake alibaki na mto. Simfananishi mwanangu na watu wale, Mungu aniepushe. Nasema tu kwamba ukuta wa uani hufanya kazi yake hata kama aliyeujenga ana moyo mweupe: watoto wa foleni ya madumu wangesikia wajukuu wangu wakirusha maji upande wa pili.

Tulibishana wiki tatu. Mwishowe nilimwandikia mwanangu kwamba bwawa hapana, lakini fedha zake tunazihitaji: tangi la pili la lita 10,000, bomba la pili nje ya ukuta, na ujira wa mwalimu wa kuogelea kwa mwaka mzima. Alinuna kidogo, kisha akatuma. Bahari iko mwendo wa robo saa, haidai boza. Wajukuu huenda Jumamosi maji yakijaa, pamoja na watoto wanne wa jirani, na mwalimu ni kijana aliyekulia katika uvuvi, mkali kuliko nilivyokuwa mimi darasani.

Mke wangu alikubali kwa sharti moja ambalo halina rufaa: hakuna mtoto atakayepanda meli ya Pemba likizo ijayo kabla hajaogelea mita 50 mbele ya macho yake. Mkubwa wao, msichana wa miaka tisa, ameshafika 30. Mdogo bado anamng'ang'ania mwalimu shingoni.