Mtungi wa Athens na Kichwa cha Luzira

Wayunani wa kale waliteka maji kwa mtungi wenye mikono mitatu, tena waliupamba kwa visa vya mashujaa na vifo vyao. Mtungi mmoja wa aina hiyo, uliofinyangwa Athens yapata mwaka 520 kabla ya Kristo, umehifadhiwa Boston, Marekani. Ubavuni mwake maiti ya Hector inaburutwa nyuma ya gari la farasi la Achilles. Wazazi wa Hector wanaomboleza kando, na juu ya kaburi jeupe la Patroclus inaruka roho ndogo yenye mabawa na silaha. Twaweza kuisoma picha hiyo kwa kuwa Homer aliacha kisa chenyewe.

Sisi tunaofundisha Kansanga tuna jirani mgumu zaidi kusomeka. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba kilimani Luzira walifukua vigae vya sanamu ya udongo, kikiwemo kichwa cha mtu. Kichwa hicho kiko London, katika Makumbusho ya Uingereza. Mwaka 2008 Andrew Reid na Ceri Ashley, baada ya kuchunguza vyungu vilivyopatikana pamoja nacho, walikiweka katika zama zilizotangulia falme tunazozijua.

Je, ni mzimu? Ni marehemu aliyetukuzwa? Mfinyanzi wake hakupata Homer. Wanafunzi wetu hupenda kumwita Kintu. Jibu tamu hilo, lakini masimulizi ya Kintu tumeyapokea kwa Buganda, na udongo huu waelekea kuwa mkubwa wa Buganda kwa umri.