Kupima ujuzi wa kutunza moyo: dawa moja kwa shida nyingi?

Katika makanisa yetu, ni wachache wanaokuja kusikilizwa wakiwa na shida moja tu. Anayeshtuka usiku kwa sababu ya mambo aliyoyaona vitani mara nyingi ana huzuni nzito pia, na mwenye huzuni ana wasiwasi. Waganga huyapa mambo hayo majina tofauti: kiwewe, sonona, wasiwasi wa kupita kiasi. Lakini ujuzi unaomsaidia mtu kuinuka unafanana sana katika yote. Ndiyo maana wataalamu hawapimi dalili tu, wanapima pia ujuzi.

Ujuzi gani?

Mwaka 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilitoa kitabu cha programu iitwayo PM+. Ni ya vikao 5, na msaidizi asiye mganga anaweza kuiongoza akifundishwa na kusimamiwa. Inafundisha mambo manne: kutuliza mwili kwa kupumua polepole, kugawanya tatizo na kulitafutia njia, kurudia shughuli kidogo kidogo hata kama moyo hautaki, na kutafuta watu wa kutegemea. Ilijaribiwa Peshawar nchini Pakistan, na kwa wamama wa Nairobi nchini Kenya. Haiulizi kwanza mtu ana ugonjwa wa jina gani.

Mfano wa kwetu

Mwaka 2013 ulitangazwa utafiti uliofanywa mashariki ya Kongo kwa wamama 405 waliotendewa jeuri ya kingono. Katika vijiji 7 walifundishwa, hasa katika kikundi, kuchunguza mawazo yaliyowakwamisha, kama lile la kujihukumu kwa kosa la mwingine. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mazoezi yalirahisishwa ili yashikwe kichwani. Katika vijiji 8 wamama walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja.

Miezi sita baada ya mafunzo, wale walioonyesha dalili za sonona au wasiwasi walikuwa 9 kwa 100 katika vijiji vya mafunzo, na 42 kwa 100 katika vijiji vingine. Kiwewe nacho kilipungua vivyo hivyo. Fundisho moja liligusa magonjwa matatu.

Kwa nini kupima ujuzi wenyewe?

Kipimo cha dalili kinasema mtu amepata nafuu, lakini hakisemi kwa njia gani. Labda vita vilitulia, labda mume alirudi. Tukijua ni ujuzi gani umekua, tunajua la kuendelea kufundisha, na mtu anajua la kushika siku shida ikirudi.

Mfano mmoja ni kipimo kilichotungwa na Kim Gratz na Lizabeth Roemer mwaka 2004. Kina maswali 36 yanayojibiwa kwa alama 1 hadi 5. Kinatazama mambo sita: kama mtu anatambua hisia zake, anazielewa, anazikubali bila kujilaumu, anaweza kuendelea na kazi akiwa amechafuka moyo, anajizuia asitende kwa hasira, na ana njia za kujituliza. Alama zikiwa nyingi, ugumu ni mkubwa. Kinatumiwa kwa watu wenye magonjwa mbalimbali.

Kwa wasikilizaji wetu

Kujua, kutumia na kufaidika ni mambo matatu tofauti. Mtu anaweza kueleza vizuri namna ya kupumua polepole na asiitumie hata siku moja. Kwa hiyo tusiulize, «Unajua?» Tuulize, «Juma hili, ni siku ngapi umefanya hivyo? Ilikuwa wapi? Ilisaidia?» Tuulize kabla ya kuanza, katikati, mwishoni, na tena baada ya miezi michache.

Tuulize kwa mdomo, mahali pa siri, kwa lugha ya mtu, iwe Kiswahili, Mashi au Kinande. Swali lililotafsiriwa lirudishwe na mtu mwingine katika lugha lilikotoka, tuone kama maana imebaki. Na kwa kuwa wengi hupenda kumfurahisha mchungaji au mama mshauri, ni vema anayeuliza asiwe yule aliyefundisha.

Alama ndogo si dhambi, wala si upungufu wa imani. Mtu anayelala chini ya hema, asiyejua watoto watakula nini, hawezi kutuliza moyo kama aliye nyumbani kwake. Alama hizo zinatuonyesha mahali pa kusaidia. Hazifai kusomwa mbele ya washiriki wala kutumiwa kuamua nani apewe chakula.

Tena, kipimo hiki hakichukui nafasi ya mganga. Anayesema anataka kujiua asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyo hiyo kwenye kituo cha afya. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayeanguka kifafa, naye apelekwe bila kukawia. Mjini Bukavu kuna kituo cha SOSAME, na mjini Goma kuna Tulizo Letu, vinavyotunza wagonjwa wa akili.

Tumezoea kuhesabu ni wangapi walihudhuria mafunzo. Hesabu hiyo ni nzuri, lakini haitoshi. Tuulize pia kila mmoja amerudi nyumbani akiweza kufanya nini ambacho jana hakukiweza.