Sauti Nene ya West Nile: Tarehe ya Adungu Kubwa na Gitaa la Besi

Mwaka 1914 mkoa wa West Nile ulitolewa Sudan ukawekwa chini ya Uganda, na Arua ikafanywa makao ya wilaya. Kabla ya hapo ardhi hii ilikuwa sehemu ya Lado, iliyoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki Desemba 1909. Katika miaka mitano mtu wa Koboko, huko huko West Nile, alitawaliwa na Wabelgiji, akatawaliwa na Sudan, akaishia Uganda, naye hajahama nyumba yake. Serikali zilibadilika, ila udugu ulibaki palepale. Walugbara wako Arua na wako Aru upande wa Kongo. Wakakwa wako Koboko na wako Yei upande wa Sudan Kusini. Waalur wako Nebbi na wako Mahagi, Kongo tena. Ngoma na vinubi vilipita njia za ndugu hao, na ndiyo maana tarehe ya besi ya West Nile haianzi dukani. Inaanzia kwa seremala.

Ala mama ni adungu, kinubi cha upinde cha Waalur. Ndugu zake wako Kongo ya kaskazini-mashariki, kwa Wazande wenye kundi na kwa Wamangbetu waliosifika kwa vinubi vyenye vichwa vya watu vilivyochongwa. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, alizieleza ala za nchi hii katika kitabu *Tribal Crafts of Uganda*, alichokitoa pamoja na Margaret Trowell mwaka 1953. Adungu ya zamani ilikuwa ala ya mtu mmoja, ndogo ya kupakatwa, na mwenyewe aliimba huku akijipigia.

Makanisa ndiyo yaliyoikuza. Mwaka 1918 wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua na kuanza kazi iliyokuja kujikita Mvara. Wakatoliki wa shirika la Comboni nao wakajenga misheni zao. Walileta nyimbo za sauti nne, na palipo na sauti nne lazima pawe na ya chini kabisa, ile inayobeba nyingine zote. Kinanda kilikuwa ghali, na hata kikipatikana, mchwa na unyevu vilikimaliza. Mafundi wakaitazama adungu wakaona kwamba yaliyokuwa yanatakiwa yote yamo ndani yake. Waliiongezea nyuzi, wakaichuni, yaani wakazipatanisha sauti zake, kwa do re mi, wakaizalia ndugu: ndogo ya kupiga wimbo wenyewe, ya kati ya kuitikia, na kubwa ya besi ambayo mpigaji hukaa nyuma yake au husimama nayo. Kutoka makanisani ikaingia shuleni, kisha ikatoka West Nile ikaenea Uganda nzima. Kikundi cha ngoma cha Ndere, kilichoanzishwa mwaka 1984, kimeifanya mojawapo ya sauti zinazoitambulisha Uganda majukwaani.

Adungu kubwa inastahili kutazamwa kwa karibu. Ndogo huchongwa kutoka gogo moja kwa tezo na patasi hadi ipate tumbo. Ya besi ingetaka gogo ambalo siku hizi ni shida kulipata na ni shida zaidi kulibeba, kwa hiyo mafundi wengi huunga mbao na kutengeneza sanduku. Juu ya tumbo hilo hutandazwa ngozi ikiwa mbichi, ikavutwa, ikafungwa au kupigiliwa pembeni, ikaachwa ikauke. Ikikauka hukaza yenyewe kuliko mkono wowote ungeweza kuikaza. Katikati ya ngozi hupita ufito wa mbao, na kwenye ufito huo ndipo mkia wa kila uzi unapofungwa. Mwisho mmoja wa sanduku hupokea shingo iliyopinda, yenye vigingi vilivyopangwa kimoja baada ya kingine. Zamani nyuzi zilikuwa kano za wanyama. Leo ni nailoni ya wavuvi, nyembamba kwa sauti za juu na nene kwa sauti za chini.

Ugumu huanza wakati wa kuchuni. Shingo imejipinda kama upinde wa mshale, na kila uzi unaokazwa huivuta kidogo mbele. Fundi akifika kwenye uzi wa mwisho, wa kwanza umeshalegea. Anarudi mwanzo, anapita tena, na tena, mpaka shingo na nyuzi zipatane. Mvua ikinyesha ngozi hulegea na sauti hushuka. Kiangazi cha Desemba na Januari kikiingia ngozi hukaza na sauti hupanda. Mwanakwaya anayeijua adungu yake huingia kanisani mapema aichuni humo ndani, katika hewa ileile watakayoimbia.

Ndani ya kazi hiyo kuna hesabu kamili. Ukitaka sauti ishuke oktava nzima kwa uzi uleule na mkazo uleule, urefu uwe mara mbili. Ukitaka urefu usibadilike, unene wa uzi uwe mara mbili. Mafundi wa West Nile hawakuipata kanuni hii kwenye kitabu. Waliipata kwa sikio na kwa mikono, wakairithisha, na upinde wa shingo ya adungu ni kanuni hiyo iliyochongwa kwenye mti: mrefu huku kwa nyuzi nene, mfupi kule kwa nyembamba.

Upande wa pili wa dunia, mwaka 1951, Leo Fender wa California alitoa gitaa la besi la umeme lililoenea kuliko yote, la nyuzi nne, lenye urefu wa inchi 34 kutoka mwanzo wa uzi hadi darajani, yaani milimita 864. Sauti yake ilifika West Nile kabla ya gitaa lenyewe, ikipitia Kongo, katika rumba ya Léopoldville iliyosikika redioni na kwenye sahani za santuri. Franco Luambo Makiadi, aliyekuja kuwa mfalme wa muziki huo, alianza utotoni na gitaa la kopo alilojiundia mwenyewe kwa nyaya za umeme zilizochunwa. Somo hilo la kujiundia ala lilieleweka vizuri kokote ambako vitu vilikuwa haba.

Halafu ikaja miaka migumu. Utawala wa Idi Amin, Mkakwa, ulipoangushwa mwaka 1979, kisasi kiliwaangukia watu wa West Nile wote, waliotumikia na wasiotumikia. Mamia ya maelfu walikimbilia Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na Sudan. Arua na Koboko zikabaki karibu tupu. Walianza kurejea katikati ya miaka ya 1980, na watoto waliokulia Aru, Ariwara na Yei walirudi wakiwa na Kilingala, Kiswahili na Kiarabu cha Juba midomoni, na rumba masikioni. Kizazi hicho hakikutosheka na besi ya kanisani peke yake. Kilitaka besi inayotembea, inayojibizana na gitaa la solo.

Ila besi ya umeme inadai umeme, na West Nile iliishi bila gridi ya taifa hadi mwaka 2024. Kampuni ya umeme ya WENRECO ilianza kazi mwaka 2003 kwa jenereta. Mtambo wa maji wa Nyagak, wa megawati 3.5, ukaongezwa mwaka 2012. Nje ya mji, mwenye amplifaya alihitaji jenereta na mafuta, au betri na sola. Ndiyo sababu adungu kubwa haikufa wakati ala nyingi za asili zilipokuwa zinawekwa kabatini kwingineko: ilikuwa besi pekee iliyokuwa tayari kila Jumapili. Redio Pacis ya jimbo Katoliki la Arua, iliyoanza mwaka 2004 na kutunukiwa na BBC mwaka 2007, iliyapa masikio ya mkoa nafasi ya kuzisikia nyimbo za kwao hewani.

Sasa umeme umekuja, Arua imekuwa jiji tangu Julai 2020, na gitaa la besi la bei nafuu linapatikana. Mengi ya magitaa hayo yanatoka kiwandani yakiwa na kasoro, na watu huyakatia tamaa upesi. Kasoro zake nyingi zinatengenezeka nyumbani kwa tupa, msasa, bisibisi na chuma cha lehemu. Ncha za freti, vile vyuma vinavyokatiza shingoni, zinazokwaruza mkono husuguliwa kwa tupa ndogo. Kipande cha plastiki kinachoshika nyuzi karibu na kichwa hubadilishwa kwa mfupa wa ng'ombe, unaochongwa mfereji mmoja mmoja kufuata unene wa kila uzi. Mlio wa kero unaotoka kwenye spika hupungua tundu la nyaya likibandikwa ndani karatasi ya alumini iliyounganishwa na waya wa ardhi.

Anayetaka kuunda lake kuanzia mbao aanze na shingo, kwa kuwa nyuzi nne za chuma huivuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70 mchana na usiku. Mbao iwe ngumu, iliyokauka vizuri, nyuzinyuzi zake zimenyooka. Kisha freti. Urefu wa uzi hugawanywa kwa 17.817: kwa milimita 864 freti ya kwanza hukaa milimita 48.5 kutoka mwanzo, urefu uliobaki hugawanywa tena, na ya pili huja milimita 45.8 mbele yake. Freti ya 12 lazima iangukie katikati kabisa, milimita 432. Hapo hapana kukisia, kwani nafasi ikikosewa hakuna bei ya gitaa itakayoirekebisha sauti. Kinachonasa mtikisiko wa nyuzi ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Kinshasa, wapigaji wa bendi ya Konono No. 1 waliviunda vinasa sauti vyao wenyewe, wakitumia sumaku za vipuri vya magari chakavu, na sauti hiyo ikawafikisha majukwaa ya Ulaya.

Seremala wa adungu na kijana anayelehemu nyaya za gitaa wanafanya kazi moja. Wote wawili wanapigana na shingo inayovutwa, wote wanatafuta urefu na unene unaostahili, wote wanaamuliwa na sikio. Wanachokosa ni kukaa benchi moja. Mzee ana mbao, ngozi na subira ya kuchuni. Kijana ana vipimo na umeme. Kwaya, ambazo kwa miaka mingi ndizo zimekuwa mteja mkuu wa besi West Nile, zina uwezo wa kuwakutanisha: zikiagiza adungu kubwa mpya ziweke sharti kwamba mwanafunzi mmoja awepo tangu mbao inapokatwa hadi uzi wa mwisho unapochuniwa, na kwamba jina la fundi na mwaka viandikwe ndani ya sanduku. Tunazijua tarehe za magavana na za wamisionari. Majina ya waliotupa sauti ya chini hayakuandikwa, na njia ya kuwatendea haki ni kuanza na walio hai.